Madaftari Mawili ya Barabara ya Mpondwe

Gari likipata ajali kati ya Kikorongo na Mpondwe, wilayani Kasese, makaratasi yake hushika njia mbili. Askari wa trafiki hufika na futi yake, akapima alama za breki, akachora mchoro, akaandika namba ya gari, jina la dereva, saa, na kama palikuwa na lori lililoegeshwa bila taa. Daftari lake hurudi kituoni. Majeruhi nao huwa wamekwisha kuondoka: mmoja kwa bodaboda, wawili nyuma ya pikapu iliyokuwa ikipita, mwingine kwa ambulensi ikiwa imepatikana. Wakifika Hospitali ya Bwera au ile ya Kagando, muuguzi hufungua rejista nyingine kabisa, yenye safu za jina, umri, jinsia, kijiji, ugonjwa na dawa. Kwenye safu ya ugonjwa huandika herufi tatu ambazo kila mhudumu wa afya nchini Uganda anazijua, RTA, yaani ajali ya barabarani, na pengine neno moja la kutaja mfupa uliovunjika.

Tangu hapo madaftari hayo hayaonani. La polisi linajua gari lilitoka wapi, liligonga nini, nani alikuwa kwenye usukani. La hospitali linajua bandama ya nani ilipasuka. Ukitaka kujua kwa nini abiria wa kiti cha mbele alitenguka nyonga ilhali aliyeketi nyuma yake alitoka na mikwaruzo, hutapata jibu katika daftari lolote peke yake.

Wako watu waliotumia maisha yao kuyakutanisha madaftari ya namna hiyo, na mmoja wa waliotangulia alianza akiwa majeruhi. Mwaka 1917 Hugh DeHaven, kijana Mmarekani, alikuwa akijifunza urubani huko Texas chini ya jeshi la anga la Uingereza, ndege yake ikagongana na nyingine angani. Alipona, ini na kongosho vikiwa vimepasuka. Watu wakamwambia ni bahati. Yeye akaitazama bizimu ya mkanda aliokuwa amejifunga na kuona kwamba majeraha yake ya tumbo yanalingana na chuma kile. Ikiwa chuma ndicho kilichomuumiza, basi chuma kinaweza kutengenezwa vingine. Ilimchukua miaka mingi kupata wa kumsikiliza. Mwaka 1942, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, alichapisha uchunguzi wa watu walioanguka kutoka majengo marefu na wakaishi, akaonyesha kwamba mwili wa mtu hustahimili kishindo kikubwa mno iwapo kitu anachokiangukia kinabonyea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kazi yake ilihama kutoka kwenye ndege hadi kwenye magari. Polisi wa jimbo la Indiana walikubali kujaza fomu ya ziada na kupiga picha za gari lililoharibika. Madaktari wakajaza fomu yao ya majeraha. Zote mbili zikatumwa Cornell, zikabanwa pamoja kwa pini. Hapo ndipo dhana moja ya zamani ilipoanguka. Watu walikuwa wakiamini kuwa heri kurushwa nje ya gari kuliko kubaki ndani, na hata leo utaisikia kauli hiyo ndani ya taksi za Uganda, ikisemwa kwa uhakika mkubwa. Fomu zilizobanwa pamoja zilionyesha kinyume chake: aliyetupwa nje ndiye aliyekufa zaidi, na alitupwa kwa sababu milango ilifunguka yenyewe kwa kishindo. Kufikia katikati ya muongo ule watengenezaji wa magari wa Marekani walikuwa wamebadilisha vitasa vya milango.

Kubana fomu kwa pini kunawezekana ikiwa askari na daktari wamekubaliana tangu mwanzo. Kazi ngumu ni kuunganisha madaftari ambayo hayakuandikwa ili yaunganishwe. Njia ya kufanya hivyo ilitoka mahali pasipotarajiwa, kwenye utafiti wa nyuklia wa Kanada, ambako Howard Newcombe alitaka kujua kama mionzi inaharibu vizazi. Alihitaji kuoanisha vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya British Columbia, kwa maelfu. Katika makala yake ya mwaka 1959 alieleza jambo ambalo karani yeyote mzoefu analijua moyoni: majina mawili yakifanana, uzito wa kufanana huko unategemea jina lenyewe. Jina adimu likilingana, hilo ni ushahidi mkubwa. Jina la kila mtu likilingana, hujapata kitu. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter waliigeuza hekima hiyo kuwa hesabu kamili: kila safu, iwe umri, jinsia, tarehe au jina, hupewa uzito wake, uzito hujumlishwa, na jozi inayovuka kiwango fulani huhesabiwa kuwa mtu mmoja.

Wamarekani waliitumia hesabu hiyo kwa ajali kuanzia mwaka 1992. Bunge lao lilikuwa limeagiza mwaka uliotangulia kwamba faida za mikanda ya usalama na helmeti zipimwe, na majimbo saba yakapewa kazi ya kuunganisha ripoti za polisi na kumbukumbu za ambulensi na hospitali. Mradi uliitwa CODES. Ripoti ya Februari 1996 ilisema, pamoja na mengine, kwamba dereva aliyelazwa bila kuwa amefunga mkanda aligharimu kwa wastani dola 13,937, na aliyekuwa amefunga dola 9,004. Polisi wasingeweza kuijua tofauti hiyo, maana hawaoni bili. Hospitali isingeijua pia, maana haikuandika habari ya mkanda. Na fedha ndiyo lugha ambayo wabunge wa nchi yoyote huielewa bila mkalimani. Wafaransa wa eneo la Lyon walianzisha rejista yao ya majeruhi wa barabarani mwaka 1995, na Sweden ikajenga mfumo mmoja wa taifa unaopokea habari za polisi na za hospitali kwa pamoja, kwa jina STRADA.

Uganda haikukaa ikisubiri. Mwaka 1996 daktari mpasuaji wa Kampala, Olive Kobusingye, pamoja na mpasuaji wa Kanada Ronald Lett, walianzisha kituo cha kudhibiti majeraha kilichojulikana kwa kifupi kama ICC-U. Walianza na jambo dogo: karatasi moja tu ya kujazwa kwenye chumba cha majeruhi pale Hospitali ya Mulago. Mizani za Ulaya na Marekani za kupima ukali wa majeraha zilihitaji vipimo na muda ambao muuguzi wa zamu hana. Wao wakatunga alama za Kampala, zinazohitaji mambo matano: umri, idadi ya majeraha makubwa, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, na kama mgonjwa yu macho, anaitika akiitwa, anaitika akiumizwa, au haitiki kabisa. Alama za juu kabisa ni 16. Aliyepata 11 kushuka chini yuko hatarini. Mizani hiyo ilisafiri. Imetumika katika nchi nyingi ambako hospitali hazina mashine za kutosha, na ni moja ya vitu vya kitabibu ambavyo Kampala imeufundisha ulimwengu.

Hata hivyo karatasi ya Mulago ilimwona aliyefika Mulago. Aliyekufia kando ya barabara alikuwa kwenye daftari la polisi tu, na aliyekufa wodini wiki mbili baadaye, mara nyingi kwenye la hospitali tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2018, Uganda ilikuwa imepeleka hesabu ya vifo 3,503 vya barabarani kwa mwaka 2016. Wataalamu wa shirika, kwa kukokotoa, wakakadiria 12,036. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna watu zaidi ya elfu nane. Polisi wanaendelea kuhesabu kwa njia yao, na ripoti yao ya mwaka 2024 ina vifo 5,144.

Pengo hilo lilionekana kwa macho usiku mmoja wa Oktoba 2025 katika wilaya ya Kiryandongo, barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu. Mabasi mawili na magari mengine yaligongana baada ya saa sita usiku. Asubuhi polisi walitangaza vifo 63. Siku haikuisha kabla ya hesabu kushushwa hadi 46: baadhi ya waliookotwa wakiwa hawana fahamu walikuwa wamehesabiwa pamoja na maiti. Ni rahisi kuwacheka polisi. Mimi nadhani hawakustahili kuchekwa. Askari aliyesimama gizani kati ya chuma na vilio aliandika alichokiona, na hospitali ikaandika kilichofika mlangoni. Kwa mara moja ile, kwa sababu nchi nzima ilikuwa ikitazama, madaftari yalisomwa kwa pamoja siku ileile, na hesabu ikanyooka. Ajali ya kawaida ya gari dogo haipati heshima hiyo.

Turudi Kasese, maana huko kazi ya kuunganisha ina ugumu wake wa pekee.

Wilaya hii iliundwa na uchukuzi. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe. Uchimbaji ukasimama, reli ikafa, mizigo ikahamia barabarani. Leo malori ya saruji ya Hima, ya chumvi ya Katwe na ya bidhaa zinazovuka kwenda Kongo yanakutana na magari madogo ya abiria kwenye lami inayopita katikati ya mbuga ya Queen Elizabeth, ambako tembo naye ana haki ya kuvuka. Hospitali zenyewe zilijengwa kila moja na mwenyewe: ya Kilembe na mgodi, ya Kagando na kanisa, ya Bwera ni ya serikali. Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika ukaivamia ya Kilembe na wagonjwa wakahamishwa. Majeruhi mzito hupelekwa kwa rufaa Fort Portal, Mbarara au hata Mulago, na kila anapohamishwa huandikwa upya, kwa mwandiko mwingine.

Sasa weka juu yake majina. Kwa Wakonzo wa wilaya hii mtoto huja na jina lake kulingana na zamu ya kuzaliwa. Wa kwanza wa kiume ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Wa kwanza wa kike ni Masika, wa pili Biira. Gari moja la kutoka Kasese kwenda Bwera linaweza kubeba akina Baluku wawili na akina Masika watatu wasio na undugu wowote. Newcombe angeshika kichwa. Jina ambalo Kanada lingekuwa ushahidi, hapa linakuambia tu kwamba mtu huyu alizaliwa wa kwanza. Jina la ubatizo husaidia, lakini ndilo ambalo ndugu aliyemleta mgonjwa hulisahau au kulitamka kwa namna yake.

Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kongo, na Wanande wa huko ni ndugu wa damu wa Wakonzo, wenye desturi ileile ya majina. Huko Baluku ni Paluku, Bwambale ni Kambale, Masereka ni Kasereka, Biira ni Kavira. Mkongomani aliyeumia upande wa Uganda anaweza kuandikwa Paluku na askari aliyeona kitambulisho chake, kisha Baluku na muuguzi aliyesikia jina likitamkwa. Mbinu ya kale ya kuoanisha majina kwa sauti, iitwayo Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, hushika herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo. Kwa mbinu hiyo Bwambale na Kambale hawatakutana milele. Programu ya kuunganisha kumbukumbu za Bwera itahitaji jedwali lake lenyewe, na wa kulitunga ni bibi yeyote wa Mpondwe, si mhandisi wa ng'ambo.

Saa nayo ina mitego. Ajali ya saa tano na dakika hamsini usiku hufika hospitali ikiwa ni tarehe nyingine, kwa hiyo anayeoanisha lazima aruhusu siku moja ya tofauti. Msindikizaji akisema ilitokea saa moja, akimaanisha jioni jua lilipozama, na anayeandika akaweka 1 kama ilivyo kwenye simu yake, saa sita zimepotea hapohapo.

Kuhusu waliokuwa ndani ya gari, kuna swali ambalo vitabu vya kimataifa havikulitungia nafasi nzuri. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, inampa abiria wa gari dogo herufi V na namba kuanzia 40 hadi 49. Wa basi, 70 hadi 79. Tarakimu ya mwisho husema kama ni dereva au abiria. Gari dogo ni lile lililotengenezwa kubeba watu wasiozidi 10. Zaidi ya hapo ni basi. Kwa hesabu hiyo taksi ya abiria 14, ambayo mwili wake ni bati jembamba lisilo na nguvu za basi, inaingia kwenye kundi la mabasi. Gari la saluni lililotengenezwa kwa watu watano, likibeba wanane kwenda Bwera, linabaki gari dogo. Wawili kati yao wanashirikiana kiti kimoja cha mbele chenye mkanda mmoja. Fomu haina namna ya kusema hivyo.

Na mkanda wenyewe? Uganda iliulazimisha kwa kanuni za mwaka 2004. Askari anapouliza kando ya barabara, "Mlikuwa mmefunga?" jibu ni, "Tulifunga, afande," kwa sababu jibu jingine lina faini. Wamarekani wa CODES walilijua tatizo hilo pia: mkanda wa kwenye ripoti ya polisi hufungwa baada ya ajali. Lakini mwili hauogopi faini. Mkanda uliozuia mtu kwa kishindo huacha alama ya wekundu na michubuko mahali ulipopita. Katika gari la Uganda dereva huketi kulia, hivyo alama yake hushuka kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Abiria wa mbele ni kinyume: bega la kushoto, nyonga ya kulia. Goti lililogonga dashibodi na nyonga iliyotenguka kuelekea nyuma ni alama za aliyeketi mbele. Kifua kilichobonyea katikati, mara nyingi ni usukani. Daktari anayechora alama hizo kwenye faili anakuwa ameandika nani alikaa wapi, hata kama hakuuliza. Ila pale Mpondwe magari hubadili upande wa barabara, maana Kongo huendesha kulia. Na kuna magari ya usukani wa kushoto yanayovuka kuja huku. Kwa hayo, alama ya dereva hugeuka. Bila namba ya gari kutoka daftari la polisi, michubuko inaweza kusomwa kinyume.

Pengine utasema hospitali ya mpakani haina nguvu ya kuunganisha kumbukumbu. Mimi naukumbuka mwaka 2019. Tarehe 11 Juni ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka mitano aliyefikishwa Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha Ebola cha Bwera, alikuwa na ugonjwa huo. Familia yake ilikuwa imetoka Kongo, ambako babu yao alikuwa ameugua na kufariki. Wakati huo maofisa wa nchi mbili walikaa na orodha za nani alivuka wapi, nani alimgusa nani, nani yuko nyumba gani, majina yaleyale ya Baluku na Paluku yakiwa ndani yake. Mtoto alifariki, kisha mdogo wake na bibi yao. Ugonjwa haukuenea Uganda kutokana na familia ile. Ajali za barabarani hazina orodha kama hiyo kwa sababu haziambukizi, hazimtishi waziri.

Yupo mtu mmoja ambaye tayari huunganisha madaftari haya, naye ni majeruhi mwenyewe. Akitaka fidia ya bima, huenda kituoni kuchukua ripoti ya ajali na fomu ya polisi namba 3, ile PF3 ambayo majirani wa Tanzania nao wanaijua vizuri; huipeleka kwa musawo, yaani daktari, aijaze majeraha; huirudisha. Anazunguka hivyo kwa magongo. Sheria ya bima ya mwaka 1989 imeweka kikomo cha shilingi milioni moja kwa mtu, kiasi ambacho leo hakifiki mbali wodini, kwa hiyo wengi huona safari hiyo haina faida na kuiacha. Kumbukumbu zilizounganishwa vizuri kuliko zote wilayani zimo kwenye majalada ya madai, na ni za wachache waliokuwa na nauli.

Wapo wanaoiwekea matumaini namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, iliyopata nguvu kwa sheria ya mwaka 2015. Itasaidia kwa Mganda aliye na fahamu na mwenye kadi mfukoni. Haitamsaidia Kasereka wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, wala aliyeletwa hajitambui na simu yake imeibwa palepale ajalini. Tena sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 haimruhusu kila mtu kuchungulia faili za wagonjwa, na ni haki iwe hivyo. Dereva anayehofia kwamba harufu ya pombe iliyoandikwa wodini itafika mahakamani atakimbilia kwa mganga wa kienyeji.

Ningeulizwa, ningeanza na namba ya gari. Askari huwa nayo daima, hata kama hajui jina la yeyote. Wanaowaleta majeruhi mara nyingi huijua au huwa wameipiga picha. Safu moja ikiongezwa kwenye rejista ya Bwera, Kagando na Kilembe, yenye namba hiyo, basi wagonjwa wote wa gari moja wanasimama pamoja hata wakiwa wamegawanyika hospitali tatu, na kati ya watu wanane wa gari lile la saluni, umri na jinsia vinatosha kumtenga Baluku mmoja na mwingine. Rejista hupigwa mistari kwa rula na kalamu zamu inapoanza, na ukurasa wa kulia huwa na nafasi.